Kiwanda au Kiwanja

Mama yangu huongea Kiswahili kama mtu anayevuka barabara bila kutazama kando. Ngeli kwake ni moja tu, ile ya "hii". Hii mtu, hii maji, hii watoto ya siku hizi. Alijifunza lugha hiyo ufuoni Homa Bay, kutoka kwa wachuuzi waliokuja kutoka Kisii na Nairobi kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kwa kuwa kila mchuuzi alikuja na Kiswahili chake, Mama alichukua kidogo kwa kila mmoja na kutupa alichoona ni mzigo. "Sh" aliitupa mapema sana. Shida ni sida, shamba ni samba. Mimi binti yake, ninayefundisha Kiswahili shule ya upili huku Migori, nimemrekebisha maisha yangu yote, naye hunijibu, "Sawa, mwalimu," kisha anaendelea vile vile.

Nayasema haya kwanza kwa sababu bila kuyajua hutaelewa ilikuwaje wanawake wazima, wenye akili zao timamu, wakashangilia jambo lililokuwa linakuja kuwaondoa.

Mama hukausha omena. Alianza kabla sijazaliwa na hajaacha. Asubuhi mashua zinaporudi hununua omena mbichi kwa ndoo, akazimwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa nyasini, kisha akazisambaza kwa mkono, ameinama, mpaka kila moja ipate jua lake. Mchana anazigeuza, jioni anazikusanya. Ijumaa jua likielekea kutua kila kitu huwa kimeshafunikwa, maana Mama ni Msabato wa kweli, na kwake siku ya Sabato hata omena hupumzika. Omena hizo ndizo zilizonisomesha bweni kule upande wa Asumbi. Nilipokuwa msichana nilichukia harufu yake kwenye sweta langu la shule. Siku hizi nikiinusa sokoni Migori husimama, hata kama sina haja ya kununua.

Mahali penyewe pa kukaushia ni kipande cha nyasi kati ya ziwa na barabara. Kwa Dholuo, lugha yetu, wanawake hupaita pap, yaani mahali palipo wazi, na wakilazimika kutumia Kiswahili husema kiwanja. Shida ya kiwanja hicho ni kwamba kila mtu ana haki nacho. Ng'ombe hupita hapo kwenda kunywa maji na kuacha vitu vyao. Vijana hucheza mpira. Wahubiri husimamisha hema, wanasiasa husimamisha hema kubwa zaidi, na kila hema likija Mama na wenzake hukunja nyavu na kusubiri. Kwa miaka mingi wamekuwa wakimwomba kila mgombea awajengee kiwanja cha maana, chenye ua wa kuzuia ng'ombe na meza za waya za kuanikia ili omena zisilale chini tena. Kila mgombea amekubali, na wengine wamekubali huku wanakula omena zao.

Mwaka jana, likizo ya Agosti ikikaribia, gari la matangazo lilipita ufuoni. Sauti iliyokuwa kwenye vipaza ilikuwa ya mtaalamu wa mipango ya miji, mzaliwa wa Mombasa, ambaye serikali ilimleta kusimamia mambo ya kuupa ufuo sura mpya. Njia za kutembelea zingewekwa mawe, taa zingesimamishwa, na juu ya yote pangejengwa kiwanda cha kisasa cha samaki. Alisema kwa Kiswahili kizuri mno, laini, kila silabi mahali pake. Gari likaingia shimoni, kipaza kikakoroma, na wanawake waliokuwa wameinamia nyavu wakasikia jambo waliloliomba miaka yote. Kiwanja cha kisasa cha samaki.

Habari ikaenda ufuo mzima kwa Dholuo, na kwa Dholuo haikuwa na utata wowote. Serikali inaleta pap. Vijana nao walikuwa wakiongea juu ya faktori, lakini Mama alidhani hilo ni jambo jingine litakalojengwa kwingine. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakushangaa kuletewa vitu viwili kwa pamoja, alisema alifikiri tu serikali mwaka huo imeamua kufanya kazi.

Alinipigia simu siku hiyo hiyo. Huwa hapigi, huwa anabip na kungoja nimpigie, kwa hiyo nilijua ni jambo kubwa.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "serikali inatuletea kiwanja."

"Kiwanda, Mama."

"Eeh, hiyo."

"Si kiwanja. Ni kiwanda. Da, da."

"Kiwanda," akasema polepole, kwa utiifu wa kanisani. "Sawa, mwalimu. Kiwanda. Kubwa, ya kisasa."

Alidhani nimempa matamshi ya watu waliosoma. Kuanzia siku hiyo akawa anawarekebisha na wenzake pia, kwamba neno lenyewe kwa Kiswahili sanifu ni kiwanda, binti yake amesema. Nami huku nilidhani ameelewa kila kitu.

"Na umefurahi?" nikamwuliza.

"Mbona nisifurahi? Tumeomba hii kitu miaka ngapi?"

Hapo kwenye "tumeomba" ningesimama, lakini nilisikia nilichotaka kusikia, na katika hilo mimi ni mtoto wa mama yangu kabisa. Kwa miaka nimemwomba aache ile kazi aje akae nami Migori. Goti lake la kushoto haliinami bila kulalamika. Vumbi la kiwanja limempa kikohozi kisichoondoka. Kila nikianza maneno hayo yeye huanza maneno mengine. Basi niliposikia anafurahia kiwanda kitakachojengwa papo hapo pa kukaushia, nikajua amechoka na anashukuru kwamba serikali imemwachisha kazi bila yeye mwenyewe kusema kwamba amechoka.

"Kwa hiyo utakuja Migori?"

"Nitakuja," akasema. "Kiwanda ikiisha, nitakuja."

Nilikata simu nikalia kidogo kwa furaha, nikiwa nimesimama karibu na jiko na mwiko mkononi.

Nikatayarisha chumba. Nikanunua kitanda kisichoinuka sana kwa ajili ya goti, nikapaka rangi, nikamtafutia kanisa la Sabato analoweza kufika kwa miguu. Shuleni nikawa mtetezi mkubwa wa kiwanda cha Homa Bay kuliko wenyeji wake. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati, ambaye kwao ni Macalder, alisema wakati wa chai kwamba mashine zikija mtu mdogo husogea pembeni. Ameona kwao, wanaochekecha dhahabu kwa karai wakisogezwa kila mara mashine kubwa inapofika. Nikamwambia amlete mama yake akaushe omena ufuoni mwezi mmoja, ainame vile, akohoe vile, halafu ndipo aje kunihubiria juu ya mtu mdogo. Chai ikapoa. Nina hasira za karibu, kila mtu shuleni anajua, na kwa bahati nzuri yeye pia anajua.

Mkutano wa kutoa maoni ulipangwa wakati wa likizo, nami nikaenda Homa Bay nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake. Mwenyekiti wa ufuo aliponiona alinishika mkono asiuachie. Ni mtu mpole, ana wana watu wazima wanaokaa nyumbani bila kazi, na kwa wiki kadhaa vijana walikuwa wakimfuata kila anapokwenda wakimwuliza faktori inaanza lini. "Mwalimu, Mungu amekuleta," akasema. "Huyu mtaalamu hajui Dholuo hata ya kuomba maji, na wamama wetu Kiswahili yao unajua vile iko. Utatafsiri."

Nikakubali. Nilijisikia mtu muhimu, siwezi kukataa.

Hema lilisimamishwa papo hapo kiwanjani, kwa hiyo wanawake walikuwa wamekunja nyavu kama kawaida. Walikaa mbele, wamevaa nguo za kanisani, na hilo nililiona zuri. Vijana walisimama pande zote. Juu ya meza ya wageni, mbele ya chupa za maji, Mama alikuwa ameweka mfuko wa omena zilizochaguliwa, kavu, zinazong'aa, zawadi ya mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mtu wa heshima kwelikweli. Alieleza mpango wake bila kujisifu, nami nikafurahia kutafsiri, maana si kila siku mwalimu wa Migori hupata Kiswahili cha namna ile moja kwa moja masikioni. Aliposema kiwanda, nilisema kiwanda. Ndivyo nilivyofanya, nilitia neno hilo hilo ndani ya Dholuo yangu kama tunavyofanya sote kwa maneno ya serikali, na wanawake wakatikisa vichwa kwa furaha, kwa sababu walikuwa wameshafundishwa na binti wa mwenzao neno hilo maana yake nini.

Kisha msichana mmoja akaomba kuongea. Mama yake hukausha omena karibu na Mama. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Alisoma chuo, akapata cheti cha mambo ya kusindika vyakula, na tangu amalize anauza vocha za simu na soda kando ya barabara.

"Mimi nimetarmac nikitafuta kazi mpaka viatu zimeisha," akasema. "Niko na cheti, na kitu nilisomea ndio hii. Kama kiwanda itakuja hapa, ikuje. Mathe wangu mgongo imeisha juu ya kuinamia neti. Sitaki kuirithi."

Vijana wakapiga makofi, nami nikapiga. Hata mama yake alipiga, akimtazama kwa fahari.

Ndipo Mama akasimama. Alianza kwa Kiswahili, "Mimi nataka kusukuru serikali," akaona kitamchelewesha, akahamia Dholuo. Kwa Dholuo mama yangu hana kosa hata moja. Huongea taratibu, kila neno limekaa, na watu hunyamaza. Alisema anamshukuru Mungu aliyemweka hai mpaka akaiona siku ile. Nikatafsiri. Alisema tangu akiwa msichana wameanika omena juu ya kinyesi cha ng'ombe, na hakuna aliyewaona. Nikatafsiri, mtaalamu akaandika huku anatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema kwamba sasa wamepewa pap safi, pap yao wenyewe, yenye ua na meza za kuanikia, na kwamba hata akifa kesho wajukuu watajua mahali bibi yao alipofanyia kazi. Akamaliza kwa sauti kubwa, "Erokamano!" Asante. Wanawake wote wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno pap.

Upande wa vijana palisikika kama mtu aliyetaka kucheka akajizuia. Wao walielewa upesi. Wanawake hawakuelewa, walikuwa bado wanashangilia, na msichana wa cheti alikuwa ameziba mdomo kwa mkono akimtazama mama yake. Mtaalamu alisubiri, kalamu juu, akitabasamu kwa sababu vigelegele havihitaji mkalimani.

"Bi mkubwa asemaje?" akauliza.

Mwenyekiti akaniinamia sikioni. Hakuwa na ubaya, aliwaogopa tu vijana. "Mwalimu," akasema, "sema kiwanda. Wamama wameshukuru, vijana wanataka, kila mtu amefurahi. Sema kiwanda tufunge twende."

Ilikuwa herufi moja. Ningesema kiwanda, mtaalamu angeandika kwamba kina mama wameupokea mpango kwa vigelegele, na hakuna mtu angesema nimekosea, maana mama yangu mwenyewe hulitamka neno hilo hivyo siku hizi. Nyavu zingekunjwa zisikunjuliwe tena. Mama angekuja Migori, kwenye kitanda kile kisichoinuka sana, na jioni nikitoka shule ningemkuta amekaa mlangoni. Nilimtaka hivyo. Namtaka hivyo hadi leo. Nikamtazama pale aliposimama, kitambaa cha kichwa kimenyooshwa kwa pasi, anangoja maneno yake yafike ng'ambo ya pili, ananiamini kabisa.

"Anashukuru kwa kiwanja," nikasema.

"Kiwanda," mtaalamu akanisaidia kwa upole.

"Kiwanja, ndugu. Uwanja wa kukaushia samaki. Anadhani ndicho mnacholeta. Wote hawa waliokaa mbele wanadhani hivyo."

Mtaalamu akaweka kalamu chini. "Lahaula. Nani kawaambia?"

"Wewe," nikamwambia. "Kwa gari."

Halafu ilinibidi nigeuke nimwambie Mama. Nilitafsiri kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kwamba kiwanda si pap, kiwanda ni ile faktori, na itakaa hapa, hapa tuliposimama. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyemwambia aseme kiwanda na kwamba nilidhani anajua. Vigelegele vilikuwa vimekufa zamani. Mama hakukaa. Aliuliza omena zitakaushwa wapi. Nikauliza. Mtaalamu akasema kiwanda kitanunua omena mbichi moja kwa moja kutoka mashuani na kukausha ndani kwa mashine. Mama akauliza na wao je. Mtaalamu, namheshimu kwa hili, hakutafuta maneno mazuri. Alisema hilo bado halijapangwa vizuri.

Mama akatembea hadi meza ya wageni, akauchukua mfuko wake wa omena. "Basi nimeondoa asante yangu," akasema kwa Kiswahili, ili asingoje mtu kumtafsiria. Akaanza kurudi. Katikati ya njia akasimama, akafikiri, akageuka tena akauweka mfuko mbele ya mtaalamu. "Wewe umetoka mbali, utakula. Lakini hii si ya asante sasa. Hii ni ya njaa."

Hema zima likacheka, hata mtaalamu, na nafikiri kicheko hicho ndicho kilichozuia watu kupigana, maana baada yake maneno yalikuwa makali. Kijana mmoja alisema wanawake wazee wanataka mji ubaki kijiji ili wao wapate mahali pa kutandaza neti. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba suruali aliyovaa imetoka kwenye neti. Mwenyekiti alipiga meza. Msichana wa cheti akasimama tena, safari hii analia kwa hasira, akasema haoni kwa nini apate kazi yeye na mama yake apoteze, na haoni pia kwa nini akose kazi yeye ili mama yake aendelee kuvunjika mgongo, na mtu mwenye jibu amwambie. Mimi niliyekuwa na jibu shuleni wakati wa chai nilichukua chupa ya maji nikanywa.

Aliyemjibu ni Mama, kwa Dholuo, nami nikatafsiri neno kwa neno bila kuongeza langu. "Mwanangu, mimi sijakataa faktori. Ijengwe, ufanye kazi, uvae koti jeupe. Nimekataa ikae juu ya pap. Ng'ambo ya barabara kuna lile ghala la pamba, limeanguka paa tangu zamani na hakuna anayelilia. Kwa nini faktori haikai pale?"

Mtaalamu akasema pale ni mbali na maji, bomba litahitajika, gharama itapanda. Lakini alisema hivyo huku anaandika. Watu wa pande zote mbili wakaanza kuongea juu ya ghala, wengine wakisema limejaa nyoka, wengine wakisema nyoka ni wao wenyewe, na mkutano ukaisha bila uamuzi, kama inavyokuwa mikutano mingi.

Alasiri wanawake walitandaza nyavu upya kuokoa jua lililobaki. Nikavua viatu nikamsaidia Mama kusambaza. Sikuwa nimeinama vile tangu shule ya msingi, na mgongo ulinikumbusha haraka.

"Nilimsikia mwenyekiti," Mama akasema kwa Dholuo, hakuinua kichwa. "Masikio yangu hayajazeeka. Alikwambia useme kiwanda."

"Eeh."

"Na ungesema, nisingekuwa na pa kwenda ila kwako."

"Eeh, Mama."

"Mbona hukusema?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilitaka kusema. Kwamba nimetayarisha chumba, na nimekuwa nikiwaambia watu anakuja. Kwamba nilipomtazama amesimama vile nilishindwa kuwapa watu neno ambalo hakulisema. Nilikuwa nalia, na mikono ilikuwa imejaa magamba ya omena, nisiweze kujifuta.

Mama akanyooka, akashika kiuno. "Nilikwambia nitakuja, na sikudanganya. Nilimaanisha kuja kutembea. Kiwanja kikiwa na ua ningeacha omena kwa wenzangu nije nikae kwako hata miezi. Sasa wewe ulisikia nakuja kuhamia." Akanifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kwa nguvu, kama nina miaka mitano. "Siwezi kuja kwako kwa sababu nimefukuzwa kwangu. Kila ukiniangalia ungekuwa unaona mtu aliyefukuzwa. Nami kila nikikuangalia ningemwona aliyefungua mlango. Hatungependana vizuri."

Nikamwambia ningempenda vizuri tu. Akasema najua kubishana kama baba yangu, niendelee kusambaza.

Ilichukua miezi kabla ya watu wa kupima kuja na kamba na vigingi vyao, na walipokuja walivuka barabara wakaenda kwenye ghala. Sijui kama ni kwa sababu ya mkutano ule au ni kwa sababu ya mambo ya ofisini ambayo hatutaambiwa. Ujenzi unakwenda polepole. Kina mama waliambiwa pap itabaki kwao kwa sasa, na hiyo "kwa sasa" imewatia wasiwasi kiasi kwamba wamejiwekea ua wa miiba wenyewe, mbovu, unaoruhusu ng'ombe wembamba. Vijana wengine hawajawasamehe kwa kuchelewesha kazi. Msichana wa cheti bado anauza vocha. Hupita kwa Mama kila asubuhi akielekea kibandani, na mara nyingine wanakosana juu ya faktori na mara nyingine anamsaidia kumwaga ndoo.

Mwaka huu mvua za masika zilipoanza, wakati omena haikauki na inayooza huuzwa kwa wafuga kuku, Mama alinibip. Nilipompigia akasema anakuja. Sikuuliza kuja vipi. Alifika na kuku na mfuko mkubwa wa omena, akakagua chumba, akasema rangi ni ya hospitali, akalala humo vizuri. Alikaa mvua yote. Alienda kanisa nililomtafutia akawa na marafiki wengi kuliko nilionao mimi baada ya miaka yangu yote huku. Jioni nikitoka shule nilimkuta amekaa mlangoni, kama nilivyotaka, akiwarekebisha watoto wa jirani Kiswahili chao.

Asubuhi moja jua likatoka kali, na nilipoamka alikuwa ameshavaa, mizigo iko mlangoni. Sikubishana. Nilimpeleka steji ya matatu, nikamnunulia maji, nikamkabidhi kwa utingo kijana aliyempokea mfuko kwa heshima.

"Mathe, unaenda kutembea Homa Bay?" utingo akamwuliza.

"Apana," Mama akasema, anapanda polepole kwa ajili ya goti. "Nimetoka kutembea. Hii ni binti yangu. Sasa naenda kwangu."